Mtetemo wa Gari Kuukuu: Iulize Gia Kabla ya Kununua Krosi

Lami inayotoka Tabora kwenda Nyahua kupitia Kigwa imefichua ubovu ambao barabara ya vumbi ilikuwa ikiusitiri. Kwenye changarawe yenye mawimbi gari zima hutikisika, na hakuna awezaye kusema kipi ni cha barabara na kipi ni cha gari. Ukishaingia kwenye lami ukafika kilomita 70 au 80 kwa saa, sakafu inaanza kunguruma, usukani unacheza, na picha kwenye kioo cha pembeni haitulii. Kigwa ilikuwa kituo cha misafara iliyotoka Ugogo kwenda Kazeh, karibu na Tabora ya leo, na wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipita huko mwaka 1857. Siku hizi tumbaku, asali na karanga husafiri kwa malori na Land Cruiser za mkonga, nyingi zikiwa na umri mkubwa na gia za mkono. Gari la namna hiyo likianza kutetema, dawa ya kwanza ya gereji huwa kubadilisha krosi za propela. Mtetemo ukibaki, inafuata senta beringi, kisha mipira ya injini, kisha klachi. Mwenye gari analipia kila hatua ya kubahatisha. Hasara hiyo haina sababu, kwa kuwa gari la gia za mkono lina kitu ambacho gari la otomatiki halikupi kwa wepesi huo: klachi na gia humwezesha dereva kuutenganisha mfumo mzima vipandevipande akiwa kwenye kiti chake, bila kushika spana.

Msingi wa jambo hili ni hesabu ndogo. Chukua pikapu ya Land Cruiser HZJ79 yenye matairi ya 7.50R16. Tairi hilo likizunguka mara moja, gari husogea takribani mita 2.5. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde, kwa hiyo tairi linazunguka kama mara 9 kila sekunde. Difu yake ina uwiano wa karibu 4.1, yaani propela huzunguka mara nne na ushei ili tairi lizunguke mara moja. Propela basi iko kwenye mizunguko 36 hivi kwa sekunde. Gia ya nne ni ya moja kwa moja, injini na propela huenda sawa, na mshale wa raundi utasoma karibu 2,200 kwa dakika. Ukiingiza gia ya tano kwa mwendo uleule, tairi na propela hazibadiliki hata kidogo, ila injini inashuka. Ukirudi gia ya tatu, injini inapanda hadi raundi 3,300 hivi, na tairi na propela zimebaki palepale. Kwa hiyo mtetemo usiobadilika unapobadilisha gia hautoki kwenye injini wala kwenye sahani ya klachi, hata kama injini hiyo ina miaka 25. Chanzo chake kiko nyuma ya gia boksi.

Jaribio lenyewe linataka barabara iliyonyooka, tupu, nje ya makazi, maana ndani ya kijiji mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Tafuta mwendo ambao mtetemo ni mkali kuliko wote, uushikilie, kisha ubadilishe gia kama ilivyoelezwa. Baada ya hapo kanyaga klachi na uache gari litembee lenyewe kwa sekunde chache, ufunguo ukibaki umewashwa. Kuzima injini gari likiwa mwendoni hupunguza nguvu za breki na huweza kufunga usukani. Mtetemo ukiendelea vilevile, chanzo ni kitu kinachozunguka kwa kufuata mwendo wa gari: tairi, rimu, ekseli au propela. Ukipotea pale nguvu ya injini inapokatika, usiisamehe propela haraka, kwa sababu krosi iliyolegea na beringi ya pinioni iliyochoka mara nyingi hulalamika zikiwa zinavuta mzigo tu. Hapo simamisha gari, weka gia huru, upandishe raundi hadi 2,200. Likitetema limesimama, kosa ni la injini, la mipira yake, au la flaiwili na presha pleti. Bado umesimama, kanyaga klachi: sahani ya klachi na shafti ya kuingilia gia boksi zitaacha kuzunguka, na tofauti utakayoisikia mara nyingi inahusu hizo mbili. Mtikisiko unaotokea wakati wa kung'oa gari tu, gia ya kwanza, ni habari nyingine kabisa. Mara nyingi ni mafuta yaliyovuja kwenye sahani au mipira ya injini iliyokatika.

Ikithibitika kwamba kosa liko nyuma ya gia boksi, imebaki kuamua kati ya tairi na propela, na hapa mwili wa dereva ni kipimo kizuri. Mitikisiko 9 kwa sekunde unaihisi moja moja, kama usukani unaopigwapigwa au kiti kinachoyumba. Mitikisiko 36 haihesabiki. Inakuwa mngurumo chini ya nyayo. Ukiwa na shaka, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma. Kosa la tairi litahama nalo, kutoka usukani kwenda kwenye kiti au kinyume chake, na umetumia jeki na spana ya magurudumu tu. Kabla hata ya hapo, chungulia ndani ya rimu. Tope jeusi la mbugani likikaukia upande mmoja wa rimu huharibu balansi kwa siku moja, na wapo waliokwishanunua krosi kwa tatizo ambalo ndoo ya maji ingelimaliza.

Krosi zenyewe zinastahili maelezo marefu kidogo, maana hapa ndipo matengenezo yanapozaa ugonjwa mpya. Kiungo cha msalaba kinapozunguka kikiwa kimepinda, hakipitishi mwendo ulio sawa: katika kila mzunguko, upande wa pili huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Kwa pembe ya nyuzi 10 tofauti ni kama asilimia 1.5 kila upande. Kwa nyuzi 20 inapita asilimia 6. Gari halitetemi kwa sababu krosi ziko mbili, na ya nyuma hufuta kosa la ile ya mbele, mradi pembe zake zilingane na panda za ncha mbili za propela zikae kwenye mstari mmoja. Sasa fundi anaishusha propela, anaichomoa sehemu yake inayoteleza ili aipake grisi, kisha anairudisha ikiwa imeruka meno mawili matatu. Krosi ni mpya, grisi imejaa, na gari linatetema kuliko lilivyokuja, mara mbili kwa kila mzunguko wa propela. Propela nyingi zina mishale ya kulinganishia, lakini chini ya kutu na tope haionekani. Alama mbili za rangi kabla ya kufungua zinatosha, na mwenye gari ana haki ya kuzidai.

Pembe nazo huharibiwa na biashara yetu wenyewe. Anayebeba magunia huongeza majani ya springi nyuma. Gari likiwa tupu, mgongo unanyanyuka na pembe za propela zinaongezeka, na yu-bolti zikifungwa vibaya difu nayo huinama hadi pembe mbili zisilingane. Ndiyo maana lori linatetema likienda kuchukua tumbaku na kutulia likirudi nayo. Dereva akisema hivyo gereji huchekwa, kwa sababu inaaminika mzigo huongeza ubovu. Ni dalili sahihi kabisa, na tiba yake ni kupunguza jani au kuweka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, si krosi. Kwa sababu hiyohiyo, kuinyanyua chasi kwa jeki, kuacha ekseli inining'inie na kuendesha magurudumu hewani ni jaribio la uongo, mbali ya hatari yake: pembe za wakati huo si zile za barabarani.

Mafundi wana hoja mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba gari kuukuu halina kosa moja. Lina matano yaliyochanganyika, na hesabu za darasani hazitayatenganisha. Ni kweli yamechanganyika, ila hayazunguki kwa kasi moja, na kubadilisha gia huhamisha lile la injini na kuyaacha mengine. Rekebisha lililo kali zaidi, kisha rudi barabarani. Ya pili ni kwamba magari haya hayana mshale wa raundi unaofanya kazi, na spidomita ilishakufa. Mwendo husomwa kwenye simu yenye GPS, na raundi hupatikana kwa hesabu ile ya difu na gia. Simu nyingi zina pia kihisi cha mtikisiko, na zipo programu zinazoonyesha mitikisiko mingapi inapita kwa sekunde. Ukiilaza sakafuni ikasoma 9 au 36, ubishi wa gereji umepungua sana.

Kuna hali moja ambayo jaribio hili la barabarani halifai kufanywa kabisa, na huigundua kabla ya kuondoka. Gari likiwa limesimama na magurudumu yamezuiwa, weka gia huru, lala chini, ushike propela na kuizungusha huku na huku, kisha uinyanyue karibu na kila krosi. Ukiona unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vya krosi, au mchezo unaoonekana kwa macho, usiliingize barabarani kutafuta uhakika. Krosi ya mbele ikikatika kwa mwendo, ncha ya propela hudondoka na kuchimba barabara gari likiwa juu yake.