Upinde, bunduki na mwano wa usiku

Anayedai kuwa bunduki ndiyo kinga ya raia aitazame Shinyanga, Tanzania. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–79 silaha zilizagaa, wezi wa mifugo wakatamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Kahama na jirani vilijibu kwa sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe: upinde, mshale, filimbi na mwano, yaani yowe la kuita msaada. Kilichowashinda wezi ni kijiji kizima kuamka. Mchimbaji wa dhahabu wa Geita, anayehofia majambazi wenye bunduki, atauliza, na ana haki: mshale utazuia risasi? Pengine hapana, ndiyo maana sheria ya silaha ya Tanzania ya 2015 inaruhusu silaha kwa leseni. Ila bunduki ya mmoja haimwamshi jirani. Sungusungu nao hawakuwa malaika: vikongwe walioitwa wachawi waliteswa mikononi mwao, na hao hawakuhitaji risasi kuumia.