Mtoto Asiyetulia Darasani: Mzazi Afanye Nini?



Mama mmoja kutoka pande za Rungwe alituletea mwanae wa darasa la pili, mkono umevunjika. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mparachichi, na ilikuwa mara ya pili kumfunga plasta katika mwaka mmoja. Kabla hatujamaliza kumhudumia, alikuwa amekwisha kufungua kabati letu na kuuliza maswali kumi bila kungoja jibu. Mama akainamisha kichwa. "Sista, huyu shuleni wamemshindwa. Muhula huu tu amepoteza sweta tatu." Bibi alisema amerogwa, mwalimu alisema ni jeuri, na baba alisema ni malezi ya mama.

Kumbe mtoto huyo alikuwa na hali ambayo wataalamu huiita kwa kifupi ADHD, yaani shida ya kukosa umakini na utulivu. Si jambo geni. Mwaka 1902 daktari George Still aliwaeleza wenzake huko London habari za watoto 43 waliokuwa na matatizo ya namna hiyo. Leo inakadiriwa kuwa kati ya watoto 100, watano hivi wanayo. Basi katika darasa la watoto 80 huenda wako wanne. Sehemu za ubongo zinazomsaidia mtoto kujizuia, kupanga na kukumbuka hazifanyi kazi kama za wenzake. Mara nyingi hali hiyo hurithiwa (baba anayelaumu na aulize nyumbani kwao yeye alikuwaje), na watoto njiti huipata zaidi.

Lakini tusikimbilie kumpa kila mtoto mtundu jina hilo. Dalili huanza kabla ya miaka 12, hudumu miezi 6 au zaidi, na huonekana mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Wasichana wengi hawarukiruki. Hukaa kimya wakiota ndoto za mchana, na kwa hiyo husahaulika. Kwanza mtoto apimwe masikio na macho. Wengine hawasikii vizuri, wengine hulala usiku sana au hushinda na njaa. Mtoto anayekodoa macho na kupotelewa na fahamu kwa nukta chache huenda ana kifafa. Tena, dawa ya kifafa iitwayo fenobabitoni huweza kumfanya mtoto akose utulivu. Ukiona hivyo usiikatishe mwenyewe, maana degedege kali laweza kufuata, rudi kliniki.

Sasa shuleni. Usimvamie mwalimu asubuhi ya paredi huku watu wanatazama. Omba nafasi baada ya masomo, mwende baba na mama, mkiwa na barua ya daktari. Mwalimu mwenye watoto 80 msimpe orodha ndefu. Ombeni mambo mawili au matatu. Akae mbele, mbali na dirisha na mlango. Aelekezwe jambo moja moja, kwa kuitwa jina. Atumwe kufuta ubao au kukusanya madaftari, apate kunyoosha miguu kwa halali. Sisi tunapenda sana daftari dogo ambalo mwalimu huandika kila siku mstari mmoja, hasa juu ya jambo jema, na mzazi hujibu.

Juu ya viboko tuseme wazi: havimponyi mtoto huyu. Huzidisha hofu, naye huanza kutoroka. Kanuni za mwaka 2002 zinataka adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na isizidi viboko vinne. Mkiona inakiukwa, mwoneni mwalimu mkuu kwa heshima, kisha kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata. Halmashauri nayo ina afisa anayeshughulikia elimu maalumu. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za serikali haina ada, kwa hiyo mzazi asione haya kudai nafasi ya mwanae kana kwamba anaomba hisani.

Nyumbani alale mapema, anywe uji kabla ya kwenda shule, na kazi za shule azifanye dakika 10 hadi 15, apumzike, kisha aendelee. Akifanya vizuri msifu papo hapo, usingoje Jumapili. Dawa zipo, lakini si za kununua dukani. Huamuliwa na daktari bingwa. Kwa ukanda wetu rufaa yaweza kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Yule mtoto wa Rungwe mwalimu wake alikubali kumweka mbele na kumkabidhi kazi ya chaki. Haikwenda vizuri mwezi wa kwanza. Daftari lenyewe lilipotea mara mbili. Sasa yuko darasa la tatu, anasoma bila kusaidiwa, hatoroki tena. Sweta bado anasahau.

Mnapokuja kliniki leteni kadi ya mtoto tangu kuzaliwa, madaftari yake ya shule, na barua fupi ya mwalimu. Toleo lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia kifafa.