Biashara Ikipungua, Kodi Hupungua na Nyumba Huwa Mbali

Watu wengi hudhani ya kuwa kodi ni jambo la Serikali na wenye maduka, na ya kuwa nyumba ni jambo la yule anayejenga peke yake. Lakini mambo haya mawili yana chemchemi moja, nayo ni biashara ya mahali pale watu wanapokaa. Chemchemi hiyo ikikauka, hazina na nyumba hupatwa na kiu pamoja. Atakaye kuliona jambo hili na alitazame katika habari ya Mkokoni.

Mkokoni ni kijiji cha bara katika Kaunti ya Lamu, nacho chaelekeana na kisiwa cha Kiwayu. Wenyeji wengi ni Wabajuni, na kazi yao kubwa tangu zamani ni uvuvi wa samaki na kamba. Bahari iliyo mbele yao imo katika hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyowekwa mwaka 1979. Zamani watalii walifika pwani hiyo, na hoteli ilikuwapo karibu na kijiji. Mvuvi aliuza samaki wake hapo hapo, nahodha alichukua wageni katika mashua yake, na kijana alipata kazi ya mshahara bila ya kuhama kwao.

Jinsi mambo yalivyogeuka

Mwezi wa Septemba 2011 watu wenye silaha waliishambulia hoteli hiyo. Mgeni mmoja Mwingereza aliuawa, na mkewe akachukuliwa mateka hata Somalia. Haukupita mwezi, mwanamke mmoja Mfaransa naye akatekwa katika kisiwa cha Manda. Uingereza na nchi nyingine za Ulaya zikawaonya raia wao wasiende sehemu hizo. Mwezi wa Juni 2014 Mpeketoni na vijiji vya jirani vilishambuliwa, wakafa watu zaidi ya 60. Kisha ikatolewa amri ya kutotembea usiku. Kwa muda mrefu uvuvi wa usiku pia ulizuiwa kwa ajili ya usalama. Hivyo mlango wa utalii ulifungwa, na mlango wa bahari ukabaki nusu wazi.

Hazina ya Kaunti hupataje fedha?

Kwa Katiba ya mwaka 2010, serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, zaweza kutoza kodi za ardhi na majumba, kodi za maonyesho na burudani, na malipo ya huduma, kama vile leseni za biashara na ushuru wa soko. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni vya Serikali Kuu. Kwa hiyo hoteli ikifungwa, leseni yake haipo. Samaki wasipouzwa, ushuru wao haupo. Tena ardhi isiyopimwa wala kuthaminiwa haiwezi kutozwa kodi kwa haki, na vijiji vingi vya Lamu vimekaa katika ardhi isiyokuwa na hati.

Serikali Kuu nayo hugawia kaunti zote fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini hesabu ya watu ni moja ya vipimo vya mgawo huo, na Lamu, iliyohesabiwa watu 143,920 mwaka 2019, ndiyo kaunti yenye watu wachache kuliko zote. Hata bandari mpya ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, ada zake huenda kwa mamlaka ya bandari ya taifa. Kaunti hufaidika nayo pale tu wenyeji wanapopata kazi na biashara kutokana nayo.

Kwa nini nyumba huwa mbali?

Huenda mtu akauliza: Ikiwa biashara imepungua, je, nyumba hazitakuwa rahisi? Jibu ni kwamba bei ni upande mmoja wa mizani. Upande wa pili ni akiba ya anayejenga.

Na tuchukue mfano. Mvuvi apata Sh. 20,000 kwa mwezi. Chakula, mafuta ya mashua na ada ya shule humla Sh. 15,000, naye huweka Sh. 5,000. Nyumba ya Sh. 300,000 ataimaliza kwa miaka 5. Sasa mapato yake yashuka hata Sh. 16,000. Watoto hawapunguzi kula, basi akiba yake ni Sh. 1,000 tu. Nyumba ile ile, kwa bei ile ile, yataka miaka 25. Mapato yamepungua kwa sehemu moja katika tano, lakini nyumba imekwenda mbali mara tano.

Zaidi ya hayo, saruji na mabati hufika Mkokoni kwa safari ndefu, na gharama ya safari haishuki kwa sababu mnunuzi ni maskini. Boriti za mikoko zilizojengea nyumba za wazee nazo zilipigwa marufuku kukatwa mwaka 2018, ingawa zuio hilo liliondolewa baadaye. Ardhi pia yaweza kupanda bei wakati wenyeji hawana kitu. Habari za bandari zilipoenea, ardhi nyingi ya Lamu ilichukuliwa na watu wa mbali. Na mwaka 2014 Serikali ilitangaza kufuta hati za makampuni 22, zilizohusu ekari zipatazo 500,000.

Yafaayo kufanywa

Duara hili ni baya: biashara ikipungua, hazina hupungua, hazina ikipungua, gati, barabara na zahanati hukosa matengenezo, navyo vikiharibika, biashara huzidi kupungua. Kulikata si kwa kupandisha kodi juu ya wachache waliobaki, kwani hao nao watafunga. Kwanza ni usalama, ili mvuvi aende baharini na mnunuzi afike pwani. Pili ni barafu na chombo cha hakika cha kupeleka samaki sokoni. Tatu ni kupima ardhi na kuwapa wenyeji hati zao.

Raia naye ana wajibu wake. Alipapo ushuru na adai risiti, kwani fedha isiyo na risiti haifiki hazinani. Tena Katiba yataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Mkutano wa makadirio ya Kaunti uitishwapo, watu wa Mkokoni na wahudhurie, waseme gati lao lina hali gani. Asiyekuwapo hesabu ikipangwa, asishangae kuona kijiji chake hakimo.