Fahamu: Kwa nini wasomi hushauri utafiti wa utalii

Jopo la wataalamu wa vyuo vikuu huishauri serikali ya eneo ipime nini katika utalii, kwa njia gani, na matokeo yasomwe vipi. Halitungi sera, kazi yake ni kuhakikisha sera inasimama juu ya takwimu za kuaminika.

Idadi ya wageni haitoshi

Visiwa vya Canary, Hispania, vina wakazi takriban milioni 2.2, na mwaka 2023 vilipokea watalii wa kigeni karibu milioni 14. Kwa hesabu za hoteli, hayo ni mafanikio. Hata hivyo, Aprili 2024 maelfu ya wakazi waliandamana wakilalamikia kodi za nyumba na uharibifu wa mazingira. Dodoso linalomuuliza mgeni kama alifurahia chumba chake haliwezi kunasa manung'uniko hayo. Ndiyo maana mtandao wa vituo vya uangalizi wa utalii endelevu, ulioanzishwa mwaka 2004 chini ya shirika la utalii la Umoja wa Mataifa, hutaka vituo vyake vifuatilie pia maji, taka, ajira na kuridhika kwa wenyeji.

Je, wasomi hawacheleweshi mambo?

Wapo wanaosema utafiti huchukua muda mrefu, na kwamba anayelipwa na serikali hawezi kuikosoa. Hoja hizo zina uzito, lakini dawa yake ni uwazi: maswali, mbinu na takwimu zichapishwe ili watu wa nje wazikague. Kuhusu kasi, uamuzi wa haraka uliojengwa juu ya takwimu mbovu ni ghali kuurekebisha. Jopo lenye manufaa ni lile linaloruhusiwa kuchapisha hata matokeo yasiyoifurahisha serikali.