Maumivu ya Mgongo na Shingo: Tiba ya Kihindi Yafaa Kiasi Gani?

Upande wa kaskazini wa jiji la Kampala, kando ya barabara iendayo Bombo, ipo Kawempe, mojawapo ya sehemu tano za utawala wa jiji hilo. Wengi wa wakazi wake hula kwa nguvu za migongo yao. Katika soko la Kalerwe wachukuzi huteremsha mikungu ya ndizi kutoka malorini. Katika vichochoro vya Bwaise akina mama huinama juu ya makarai ya nguo, kisha hubeba madumu ya maji. Vijana wa bodaboda nao hukaa juu ya pikipiki tangu alfajiri hata usiku, wakirushwarushwa na mashimo ya barabara. Si ajabu, basi, watu wa namna hii wakilalamika kiuno na shingo.

Wala si wao peke yao. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo. Maumivu hayo yakipita miezi mitatu huitwa sugu. Hapo ndipo mgonjwa, akiisha kuchoka na vidonge, huanza kutafuta tiba nyingine, na miongoni mwa hizo imo tiba ya Kihindi iitwayo Ayurveda. Yafaa basi tujiulize: mwenye mgongo sugu atarajie nini kwa tiba hiyo, na ajihadhari na nini?

TIBA YENYEWE NI IPI

Neno Ayurveda ni la Kisanskriti, na maana yake ni elimu ya uhai. Misingi ya tiba hiyo imo katika vitabu vya kale vya Wahindi, hasa vile vijulikanavyo kwa majina ya Charaka na Sushruta. Kwa mujibu wa mafundisho hayo, mwili huendeshwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Vata ni ya upepo na mwendo. Ikivurugika huleta ukavu, ukakamavu na maumivu ya viungo. Kwa sababu hiyo mganga wa Kihindi huupa mgongo mkavu vitu viwili: joto na mafuta.

Katika Afrika ya Mashariki mambo haya si mageni kabisa. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli ya kutoka Mombasa kati ya mwaka 1896 na 1901, na wengine wengi walifuata kwa biashara. Pamoja nao zilikuja dawa za jikoni, kama vile manjano, tangawizi na mafuta ya ufuta. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wametoka nchini. Baada ya mwaka 1986 baadhi yao walirejea, wakafungua tena maduka na viwanda.

Matibabu ya mgongo yenyewe ni ya kutuliza. Mgonjwa hulazwa kifudifudi. Unga wa kunde za jamii ya choroko hukandwa kwa maji, ukafanywa duara kama ukuta mdogo, ukabandikwa kiunoni. Ndani ya duara hilo humiminwa mafuta ya uvuguvugu yaliyopikwa kwa mitishamba. Yakianza kupoa huchotwa, yakatiwa mengine ya moto, kwa muda wa nusu saa hivi. Tiba hii huitwa kati basti, kwa kuwa katika Kisanskriti kati ni kiuno. Ikifanywa shingoni huitwa griva basti. Baada yake misuli huchuliwa, na mgonjwa huelekezwa mazoezi na chakula.

FAIDA YAKE

Yale yaliyo rahisi katika tiba hii ndiyo yenye kusadikika zaidi. Joto hulegeza misuli iliyokazana, na kuchuliwa hupunguza maumivu kwa muda. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake juu ya maumivu sugu ya mgongo, Desemba 2023, lilitaja kuchua miongoni mwa mambo yanayoweza kumfaa mgonjwa, pamoja na mazoezi ya viungo na kumwelimisha juu ya hali yake. Mazoezi ya yoga, ndugu wa Ayurveda, nayo yameonekana kusaidia mgongo kwa kiasi.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba mafuta hayapenyi hadi kwenye pingili za uti wa mgongo, wala hayarudishi mahali pake kisahani cha gegedu kilichochomoza. Anayeahidi kuponya mgongo wa miaka kumi kwa wiki moja anauza maneno. Mafuta humpa mgonjwa nafuu. Nafuu hiyo aitumie kuanza kutembea na kujinyoosha, kwani mgongo hupata nguvu kwa mwendo kuliko kwa kulala kitandani.

HATARI YA VIDONGE NA UNGA

Mambo hubadilika pale mgonjwa anapopewa kitu cha kumeza. Katika baadhi ya dawa za Ayurveda madini huchanganywa kwa makusudi. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walipima dawa 70 zilizouzwa katika maduka ya eneo la Boston, wakakuta 14 zina madini ya risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walipima nyingine 193 zilizouzwa kwa njia ya intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikuwa na sumu hizo. Risasi hudhuru damu, figo na ubongo, na kwa mama mjamzito hupita hadi kwa mtoto tumboni. Kwa hiyo mjamzito asimeze dawa ya namna hiyo kabisa, na mtu mwingine yeyote asimeze unga usio na jina la mtengenezaji. Tena, dawa iondoayo maumivu yote kwa usiku mmoja itiliwe shaka, kwani wako wachuuzi ambao huchanganya kwa siri dawa kali za hospitali.

MGONGO USIOFAA KUKANDWA

Jambo kubwa kuliko yote ni hili: kuna mgongo ambao haufai kukandwa hata kidogo. Kifua kikuu hakikai kifuani tu; huweza kula mifupa ya uti wa mgongo, na mwishowe kupoozesha miguu. Ugonjwa huo huanza polepole, ukafanana na uchovu wa kazi. Kila mwezi unaopita mgonjwa akipakwa mafuta, mfupa unaendelea kuliwa. Ilhali dawa zake zipo, nazo hutolewa bure katika vituo vya serikali. Ugonjwa wa brusela nao, upatikanao kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, huumiza kiuno pamoja na homa.

Basi mgonjwa akimbilie hospitali, wala asiende kwa mkandaji, akiona mojawapo ya dalili hizi: homa au jasho la usiku, kukonda bila sababu, kibyongo kinachochomoza, ganzi au udhaifu wa miguu au mikono, kushindwa kuzuia mkojo au choo, maumivu yasiyotulia hata usiku, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali. Mkazi wa Kawempe hana safari ndefu, kwani hospitali kuu ya Mulago imo katika eneo hilo hilo.

Asiyekuwa na dalili hizo, na anataka kujaribu mafuta, na aulize kwanza mganga amesomea wapi. Nchini India tabibu wa Ayurveda husoma chuoni miaka mitano na nusu. Kadhalika Uganda inayo sheria ya mwaka 2019 inayowataka waganga wa tiba asilia na tiba mbadala waandikishwe.

YA KUFANYA NYUMBANI

Yako mambo yasiyohitaji mganga. Pasha mafuta ya ufuta kwa kuweka chupa ndani ya maji ya moto, uyajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono. Mwenzako akuchue pande mbili za uti, wala si juu ya mfupa wenyewe, kwa robo saa. Kisha lala chali, vuta goti moja kifuani, uhesabu hadi ishirini, ubadilishe. Shingo igeuze polepole kulia na kushoto. Tembea kila siku.

Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Heri madumu mawili ya lita kumi, moja kila mkono. Karai la nguo liweke juu ya kigoda au jiwe, usifue umeinama. Mchukuzi apige magoti anapoinua mkungu, na mwenye bodaboda ashuke kila saa ajinyooshe.

Mafuta ya Kihindi ni msaidizi mwema wa mgongo uliochoka. Lakini kabla ya kuyapasha, hakikisha kwanza kwamba mgongo umechoka tu, wala hauugui.