Gari la Kifahari la Mtumba: Rekodi Kwanza, Nembo Baadaye (Sehemu ya Tatu)

Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lilipowakumbusha waagizaji kwamba kuanzia Januari 2025 gari lililosajiliwa ng'ambo kabla ya 2018 halitaruhusiwa nchini, mjadala ulikuwa wa bei tu. Mimi naona jambo zito zaidi. Toyota iliacha kuunda Mark X Desemba 2019. Sheria hii ya kukataa gari lililozidi miaka minane isipobadilishwa, ikifika 2028 hakuna Mark X itakayopita bandarini Mombasa. Zitabaki hizi zinazozunguka Maua, Nkubu, Chuka na Runyenjes, zikihama kutoka mkono wa mmoja wetu hadi wa mwingine. Ubora wa gari utategemea uaminifu wetu wenyewe.

Ushuru na hati za umiliki tulivimaliza katika sehemu mbili zilizopita. Leo ni zamu ya chuma chenyewe, na mlango wa somo hili ni mwaka 1965.

Mwaka huo Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekulia kwenye gereji ya babake, alishinda Safari Rally akiwa na nduguye Jaswant. Gari lao, Volvo PV544, lilikuwa la mtumba. Timu ya kiwanda cha Volvo ilikuwa imelitumia katika mashindano ya 1964, kisha ikaliuza baada ya kulitesa vilivyo katika barabara za Afrika Mashariki. Wengine waliona gari lililochoka. Ndugu hawa, kwa kuwa walikuwa mafundi, walilifungua, wakakagua kiungo kwa kiungo na kulisuka upya. Likawashinda waliokuja na magari mapya. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na ushindi ule ulitengenezwa gerejini kabla ya bendera ya kuanzia kushushwa.

Sifa ya Benzi katika nchi hii nayo ina mizizi katika Safari Rally. Mercedes-Benz ilishinda 1959, 1960 na 1961, wakati ambapo mvua ya Pasaka ilikuwa ikigeuza barabara kuwa tope. Peugeot 404 ikafuata kwa kushinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mashindano ya 1963 na yale ya 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza. Peugeot 504 ikaongeza ushindi wa 1975 na 1978. Mzee wa Embu anayeisifu Peugeot hasemi porojo. Anakumbuka gari ambalo ugonjwa wake fundi aliusikia kwa sikio na kuutibu kwa spana.

Kosa letu ni kudhani sifa hiyo hurithiwa pamoja na nembo. Msimu wa miraa au muguka ukilipa vizuri, vijana wengi wa Maua na Kiritiri hutafuta gari litakalotazamwa harusini, wakasahau kuuliza lilitunzwaje. Chukua Mercedes ya daraja la E iliyotoka 2002, ile inayojulikana kwa namba W211. Matoleo yake ya kwanza yalikuwa na breki zinazoendeshwa kwa umeme, na kifaa chake huhesabu kila unapokanyaga pedali. Hesabu ikifika kikomo, kifaa hakina budi kubadilishwa, na bei yake ni kubwa. Mnamo Mei 2004 kampuni iliita magari takribani 680,000 duniani yakaguliwe kwa sababu ya mfumo huo. Ilipofanyia gari hilo marekebisho mwaka 2006, ilirudia breki za kawaida. Kwa hiyo Benzi mbili zinazofanana zinaweza kuwa na breki tofauti kabisa.

Mark X nayo ina lake. Injini yake ya silinda sita ya lita 2.5 hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haioshi vali za kuingizia hewa. Masizi hujikusanya humo, na injini huanza kutetemeka gari likiwa limesimama.

Ukaguzi wenyewe ni huu. Fika asubuhi na umwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa na joto, uliza kwa nini. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta. Maji ya rangi ya kutu huenda yakawa ishara kwamba mwenyewe alikuwa akijaza maji matupu. Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili huenda ukawa ishara kwamba maji yamevuka gasketi. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa ya injini na ya mifuko ya hewa sharti ziwake, kisha zizimike injini inapoanza kunguruma. Isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa ili kuficha kosa. Mwambie fundi asome kompyuta. Ikionyesha kwamba majaribio yake ya ndani hayajakamilika, kuna uwezekano kumbukumbu ilifutwa juzi, au betri ilikatwa. Linganisha kilomita na cheti cha usafirishaji kutoka Japani, halafu tazama raba ya pedali na ngozi ya usukani.

Mwisho, liendeshe kati ya Chuka na Nkubu, kwenye miteremko ya mito inayotoka Mlima Kenya. Teremka kwa gia ndogo na usikilize breki. Panda upande wa pili ukitazama kipimo cha joto na jinsi gia zinavyobadilika. Katika daraja la Nithi, kwenye barabara hiyo hiyo, Julai 2022, zaidi ya watu 30 walikufa basi lilipotumbukia mtoni. Anayemuuzia jirani yake gari lenye breki mbovu, akijua, na kumwacha ateremke pale, ametenda dhambi ambayo bei nzuri haiifuti.

Ndiyo sababu nasisitiza jambo moja: kila mwenye gari aweke daftari. Andika tarehe, kilomita, oili iliyotiwa, spea iliyobadilishwa, na fundi atie sahihi. Siku ya kuuza, mkabidhi mnunuzi daftari hilo pamoja na ufunguo. Nawe mnunuzi, ukikuta gari linalong'aa lisilo na historia, na lingine lililofifia lenye daftari la miaka mitano, chukua la daftari.

Sehemu ya nne itahusu giaboksi.