Shamba ni Lako. Ardhi ni ya Nani?

Mwulize mkulima ye yote wa Ismani, au wa Tukuyu, au wa Igurusi, shamba hili ni la nani, naye atakujibu bila kusita, "Ni langu, nalilima tangu baba yangu." Hasemi uongo. Lakini mpelekee mwanasheria swali lile lile, naye atakujibu kwamba katika Tanzania hakuna mtu amilikiye udongo. Ardhi yote ni ya umma, Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya raia wote, na yule mkulima anamiliki haki juu ya ardhi, wala si ardhi yenyewe. Huyu naye hasemi uongo. Kati ya majibu haya mawili ndipo yanapozaliwa mashaka mengi yanayozifika nyumba za wakulima wa Iringa na Mbeya. Kwa hiyo twapenda kulieleza jambo hili kwa wazazi, na hasa kwa vijana watakaoyarithi mashamba hayo.

Jambo lenyewe si la jana. Mwaka 1895 Kaisari wa Ujerumani alitoa amri kwamba ardhi yote ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, isipokuwa pale ambapo mtu ataweza kuthibitisha kuwa ni yake. Msomaji na akumbuke kwamba mwaka huo Mtwa Mkwawa alikuwa angali hai katika Uhehe, hajakubali kutawaliwa, naye aliendelea kuwasumbua Wajerumani mpaka alipokufa mwaka 1898. Basi ardhi ya watu wasiotawaliwa bado ilikwisha kuandikwa kwa jina la mtu mwingine! Na huko kuthibitisha kulikotakiwa kungepatikana vipi, kwa Mhehe, Msafwa au Mnyakyusa ambaye ushahidi wake ulikuwa makaburi ya wazee na migomba aliyoikuta?

Waingereza walipokuja, Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 1923 ilizitangaza ardhi za Tanganyika kuwa ardhi za umma, chini ya mamlaka ya Gavana, zitumike kwa manufaa ya wenyeji. Mtu aliyetaka ardhi, kama vile walowezi wa chai huko Mufindi, alipewa hati ya miaka isiyozidi 99. Mwenyeji hakupewa hati. Ila mwaka 1928 sheria ilirekebishwa, ikatambua kwamba anayekaa juu ya ardhi kwa mila za kwao naye ana haki ya kuwapo hapo. Wachache waliokuwa na milki kamili tangu zama za Wajerumani waliachiwa, mpaka mwaka 1963 Serikali huru ilipozigeuza milki hizo zikawa za miaka 99. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kutoa hoja yake mwaka 1958, katika kijitabu cha Mali ya Taifa: ardhi ni kipawa cha Mungu, mtu hakuiumba, na kilicho chake hasa ni kile alichokiongeza juu yake kwa jasho lake.

Hoja hiyo ni nzuri. Lakini ilipofika Ismani ilikutana na mtihani mkubwa.

Uwanda wa Ismani uko kaskazini ya mji wa Iringa. Ulikuwa pori. Katika miaka ya 1940 na 1950 watu walihamia huko, wakafyeka, wakang'oa visiki, wakalima mahindi. Wengine wakafanikiwa hata wakanunua matrekta na kuajiri vibarua. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi iliingia katika siasa ya Ujamaa, na viongozi wakawahimiza wakulima wa Ismani waviunganishe vishamba na mashamba makubwa, walime pamoja. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alifika katika shamba la Saidi Mwamwindi, mmoja wa wakulima wakubwa wa huko. Wakabishana. Mwamwindi akachukua bunduki akampiga risasi, akamwua. Kisha akaupakia mwili garini na kuupeleka mwenyewe kituo cha polisi mjini Iringa. Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua kwa kukusudia, naye akanyongwa.

Hatuna neno la kumtetea aliyeua. Damu ya mtu hailipwi kwa shamba, hata liwe kubwa namna gani, na nyumba mbili zilibaki katika majonzi. Lakini kesi ile ilikuwa ya mauaji, wala haikuwa ya ardhi, na swali lililokuwa chini yake halikujibiwa siku ile: mtu aliyelifyeka pori kwa mikono yake, asiye na karatasi, je, ana mali inayolindwa na sheria, au ana ruhusa tu inayoweza kuondolewa wakati wo wote?

Swali hilo si geni kwa Waislamu. Yajulikana katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba ardhi iliyokufa, isiyo na mwenyewe, huwa haki ya yule aliyeihuisha. Hata hivyo maimamu walitofautiana. Imamu Abu Hanifa alisema haki hiyo haipatikani ila kwa idhini ya mtawala. Imamu Shafii, ambaye wengi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki hufuata madhehebu yake, alisema kule kuhuisha kwenyewe kwatosha. Karne nyingi kabla ya Ismani kuna watu walikwisha kukaa chini kulipima jambo hili kwa utulivu: jasho la mtu lafika wapi, na mamlaka ya dola yaanzia wapi.

Mahakama za nchi yetu zilikuja kulijibu mwishoni mwa mwaka 1994, na kesi haikutoka Nyanda za Juu Kusini bali upande wa Arusha. Baba mmoja na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walinyang'anywa shamba lao la kimila wakati wa Operesheni Vijiji, wakashitaki, wakashinda. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta haki za namna hiyo, pamoja na kesi zake. Wakarudi mahakamani, mara hii kwa kutumia Katiba. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, nayo inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Kwamba haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Na kwamba hata pasipo jengo wala mti, ikiwa mtu ametia jasho katika ardhi ile, jasho hilo lina thamani mbele ya sheria. Vifungu kadhaa vya sheria ya 1992 vikabatilishwa. Kwa maoni yetu, kila mkulima wa Tanzania anadaiwa shukrani kwa baba yule na mwanawe, ingawa wengi hawajapata kuyasikia majina yao.

Baada ya hukumu hiyo ikaja Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, na sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika Mei 2001. Hizi ndizo zilizoigawa ardhi ya nchi katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji, na ardhi ya hifadhi. Anayesafiri kwa basi kutoka Iringa kwenda Mbeya huyapita mafungu yote matatu bila kujua. Barabara yenyewe na ukingo wake ni ardhi ya hifadhi. Msitu wa misonobari wa Sao Hill, karibu na Mafinga, ni ardhi ya hifadhi pia. Mashamba ya mahindi ya wanakijiji huko Ifunda ni ardhi ya kijiji. Inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo haiwezi kumgawia mtu kipande bila idhini ya mkutano mkuu. Viwanja vya mjini Mbeya, na mashamba makubwa yenye hati za miaka 33, 66 au 99, ni ardhi ya jumla. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile, lakini haki ya mtu hubadilika kadiri ya fungu alilosimama.

Wakulima wa vinyungu na wasikie hili kwa makini. Bustani za mabondeni huwalisha watu wa Iringa na Mbeya wakati wa kiangazi, na wengi walizirithi kwa babu zao. Lakini Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mtu aweza kuwa na haki juu ya shamba lake la mlimani, asiwe nayo hatua chache chini yake.

Tena fungu lenyewe huweza kugeuzwa. Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, ni nchi ya mpunga na ng'ombe. Kwa Tangazo la Serikali namba 28 la mwaka 2008, sehemu kubwa ya bonde hilo iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na ndani ya mstari huo mpya vikajikuta vijiji vyenye watu, shule na misikiti. Serikali ilikuwa na sababu yake, nayo ni nzito: maji ya Ihefu ndiyo yanayolisha Ruaha Mkuu, na mto ule huyapeleka mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Lakini kwa mwenye jaruba la mpunga, ardhi iliyokuwa ya kijiji ikawa ya hifadhi, na misimu mingi ya kilimo iliyofuata ikawa misimu ya mashaka. Sheria yasema ardhi ya kijiji isihamishwe mpaka aina ya fidia, kiasi chake na namna ya kuilipa vikubaliwe. Anayeishi karibu na mpaka wa hifadhi heri aijue kanuni hii kwa moyo, na kuhudhuria kila mkutano wa kijiji.

Lipo na jambo jingine ambalo hatulifichi, kwa kuwa ni kasoro ya sheria zenyewe. Sheria ya Ardhi yahesabu katika ardhi ya jumla hata ile ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa; sheria ya pili, iliyotungwa mwaka ule ule, haisemi hivyo, bali yaihesabu ardhi iliyopumzishwa kuwa ni ya kijiji. Mkulima aliyeliacha shamba lake lipumzike miaka mitatu ili rutuba irudi anafanya ukulima wa busara. Mtu mwingine akipita aweza kuliita pori.

Ndiyo maana ya karatasi. Hati ya hakimiliki ya kimila haina ukomo wa miaka, na sheria yasema ni sawa kwa hadhi na hati zile za mjini. Mbozi, ambayo siku hizo ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya na tangu 2016 iko Songwe, ilikuwa miongoni mwa wilaya za kwanza kuzitoa. Huko Ilalasimba, wilaya ya Iringa, vijana wa kijiji walifundishwa kupima mashamba kwa simu za mkononi kuanzia mwaka 2014, na kazi hiyo ikaenea katika vijiji vingi vya Iringa na Mbeya. Mwenye shamba huzunguka mpaka wake pamoja na majirani. Kila mmoja hukubali au hukataa hapo hapo. Kisha ramani hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme. Penye ugomvi huenda Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo lina wajumbe saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Qurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, aya ya 282, yatuamuru kuandika madeni mbele ya mashahidi. Itakuwaje basi shamba la maisha liachwe katika kumbukumbu ya mzee mmoja?

Katika kuandika huko majina ndiyo makubwa. Mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi imebatilishwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Kwa Mwislamu hili si jipya, kwani Sura An-Nisaa imemwekea mwanamke fungu lake, mali iwe ndogo au kubwa. Hati huweza kuandikwa majina zaidi ya moja. Mwenye wake wawili na mashamba mawili twamshauri aandikishe kila shamba kwa jina lake pamoja na la mke alimaye pale, wakati yu hai na mpaka unajulikana.

Na baba akiisha kufariki, ndugu wasikubali hati iandikwe kwa jina la kaka mkubwa peke yake "kwa niaba ya wote." Waende mahakama ya mwanzo, wateue msimamizi wa mirathi, waseme wazi kwamba marehemu aliishi Kiislamu na mirathi yake igawanywe hivyo. Msimamizi si mrithi wa wote. Hana budi kupeleka mahakamani orodha ya mali yote, na kisha hesabu ya namna alivyoigawa, na kila mrithi, wa kike kwa wa kiume, aweza kwenda kuisoma.